Darubini ya 8x42 kwa ndege wa uani
Kwa anayetazama ndege nyuma ya nyumba, darubini ya 8x42, yaani inayokuza mara 8 na yenye lenzi za mbele za milimita 42, inafaa kuliko ya 10x42, kwani mtikisiko wa mkono hauonekani sana na eneo linaloonekana ni pana zaidi. Hii niliyonunua Tanga ilinionyesha waziwazi mnana dume (ndege afumaye viota) akichana ukanda mwembamba wa kuti la mnazi, kisha akiufuma kwa mdomo huku akining'inia kichwa chini. Hata hivyo, kitu kikiwa karibu mno haikioneshi vizuri: chozi, yule ndege mdogo, akinyonya ua lililo karibu na baraza nilipokaa huonekana ukungu mtupu, na mkanda wa shingoni ni hafifu mno.