Kitambaa cha kushonea blanketi la viraka: kipi ununue kwanza, kipi ukiache dukani

Blanketi la viraka halichakai lote kwa pamoja. Kuna kipande kimoja, mara nyingi kile ulichokipenda kuliko vyote, ambacho hutangulia: kinachuja na kuvipaka rangi vipande vilivyo jirani, au kinarudi, yaani kinapungua, baada ya kufuliwa mara ya kwanza na kuuvuta mshono mpaka uso wote unakunjamana. Kwa hiyo sikuupanga mwongozo huu kwa uzuri wa maua wala kwa umaarufu wa kiwanda. Nimeupanga kwa swali moja: kitambaa hiki kikishonwa na vingine ishirini, kikafuliwa kwa sabuni ya mche na kuanikwa juani, kitakaa na wenzake?

Kwanza hesabu, maana ukienda dukani bila hesabu muuzaji ndiye atakayekupangia. Tuchukue kitanda cha futi 5 kwa 6. Blanketi la kukifunika na kuning'inia kidogo pembeni ni kama sentimita 210 kila upande. Ukishona vipande vya mraba ambavyo vikishaungwa vina sentimita 15, unahitaji mistari 14 ya vipande 14, yaani vipande 196. Kila kimoja ukikate sentimita 16.5 ili ubaki na nafasi ya mshono. Kitenge cha upana wa sentimita 115 hivi hutoa vipande 6 kwa upana na mistari 5 kwa yadi, kwa hiyo yadi moja ni vipande 30. Uso mzima ni yadi 7. Watu wengi hununua mara mbili ya hapo, halafu kitambaa kinalala kabatini.

Nafasi ya kwanza: mashuka na mashati ya mtumba ya pamba

Najua kuna watakaoguna. Mtu ametoka Mbagala na nauli yake, anataka kitu kipya chenye harufu ya duka, nami namwelekeza soko la mitumba la Karume, Dar es Salaam. Lakini shuka la mtumba limeshafuliwa mara nyingi kabla halijafungwa kwenye belo. Kama lilikuwa la kurudi, limesharudi. Kama lilikuwa la kuchuja, limeshachuja huko lilikotoka. Pamba mpya hurudi kati ya asilimia 3 na 5 kwenye maji ya kwanza, na kwenye kipande cha sentimita 16.5 hiyo inatosha kuharibu pembe zote nne.

Jambo la pili ni kwamba mshonaji wa viraka ni mmoja wa wateja wachache sokoni ambao kasoro haiwasumbui. Nguo safi za mwanzo, zile ambazo soko la Gikomba, Nairobi, huitwa kamera, waachie wanaotaka kuzivaa. Wewe subiri mchana, uulize mashuka yenye doa pembeni, yaliyochanika pindo, yasiyo na foronya za kufanana. Muuzaji anataka yaondoke. Shuka moja la kitanda kikubwa, hata ukikata doa ukalitupa, hutoa karibu vipande vyote vya blanketi au upande wa chini mzima bila kiungo. Shati kubwa la mwanamume hutoa kama vipande 20, na mistari myembamba ya mashati hutuliza macho pale kitenge kinapopiga kelele.

Ukichagua, lishike shuka juu ya mwanga. Katikati, pale mwili ulipokuwa ukilala, ndipo huchakaa kwanza. Pakionekana pepesi kuliko pembeni, kata pembeni tu au liache. Lisugue kwa kiganja: likiwa na vinundu vidogo vya nyuzi zilizojiviringisha, mara nyingi kuna poliesta ndani yake. Tafuta lebo inayosema pamba asilimia 100, ingawa nyingi zimeshakatwa. Kwenye shati, acha kola na viwiko. Fulana usiichukue kabisa, inavutika chini ya sindano. Jinzi ni kitambaa kizuri, ila kishonwe na jinzi wenzake, kwa sababu uzito wake hurarua pamba nyepesi kwenye mshono.

Anayedharau nguo kuukuu akumbuke kazi za wanawake wa Gee's Bend, Alabama, walioshona kwa nguo chakavu za shamba. Mwaka 2002 zilitundikwa kwenye makumbusho ya Whitney huko New York. Karibu zaidi nasi kwa damu ni Wasiddi wa Karnataka, India, watu wenye asili ya Afrika, ambao hushona kawandi kwa nguo zilizochakaa, wakianza pembeni na kuzunguka kuelekea katikati. Hawapimi sentimita hata moja, na kazi inatoka.

Kwa msomaji wa Kigali nafasi hii ya kwanza haina faida sana. Rwanda ilipandisha ushuru wa mitumba mwaka 2016, ikashikilia msimamo hata Marekani ilipoondoa nafuu ya ushuru kwa nguo zake mwaka 2018. Huko anzia nafasi ya pili.

Nafasi ya pili: kitenge cha pamba, cha waksi

Hapa ndipo rangi inapotoka. Kitenge cha waksi huchapwa pande zote mbili kwa nta au utomvu unaozuia rangi, ndiyo maana nyuma na mbele karibu vinalingana, na mara nyingine utaona mipasuko midogo ya rangi kama nyufa za udongo mkavu. Kile cha kuchapwa upande mmoja, nyuma yake imefifia. Kwa gauni tofauti hiyo haina neno. Kwa viraka ina maana mbili: cha waksi unaweza kukigeuza upande wowote ukikosea kukata, na rangi yake imeingia ndani ya uzi, haikukaa juu tu.

Usimwulize muuzaji kama ni orijino. Jibu unalijua. Mwambie, "Mjomba, naomba nikione kwa nyuma," kisha kikunje mara nne kwenye kiganja ukibane na ukiachie. Pamba hubaki na mikunjo. Kikirudi kuwa laini kama hakikuguswa, hicho ni poliesta. Ugumu wa kitambaa kipya usikudanganye pia, kwani mara nyingi ni wanga wa kiwandani, na kikishafuliwa unabaki na chandarua.

Vlisco ya Helmond, Uholanzi, ambayo imekuwepo tangu 1846, ina waksi nzuri sana, lakini sioni sababu ya kuikata vipande vipande labda iwe mabaki ya gauni la harusi. Waksi ya kawaida ya pamba inayouzwa Mtaa wa Uhuru inatosha kabisa.

Tabu ya kitenge ni kwamba maduka mengi huuza pisi nzima ya yadi 6, au nusu yake kwa kunung'unika. Pisi moja peke yake ni vipande 180, yaani karibu blanketi zima la ua moja, jambo ambalo hakuna anayelitaka. Dawa yake ni kununua kwa kikundi. Akina mama sita, kila mmoja pisi yake ya rangi tofauti, kisha mnakatiana yadi moja moja mezani: kila mtu anaondoka na vitenge sita kwa bei ya jumla. Mkubaliane mapema kuhusu rangi, la sivyo watano watakuja na buluu.

Nafasi ya tatu: kanga

Naipenda kanga kuliko kitenge, na bado nimeiweka chini. Ni nyepesi, imefumwa kwa nafasi, hutoa nyuzi pembeni haraka, na nyekundu yake pamoja na nyeusi huchuja sana zikiwa mpya. Ukiiunga na waksi, baada ya mwaka vipande vya kanga ndivyo vitakavyoanza kuwa vyembamba.

Ikishindikana kuiacha, yaani kila mara, nanunua doti nzima, nailowanisha usiku kucha, naifua mpaka maji yatoke meupe, ndipo naikata. Kanga moja ni kama sentimita 150 kwa 110, hivyo doti hutoa vipande vipatavyo 108, vingine vya mji, yaani sehemu ya katikati, na vingine vya pindo. Kwa eneo, doti ni zaidi kidogo ya nusu ya pisi ya kitenge. Bei ya doti ikipita sana nusu ya bei ya pisi, jua unalipia zaidi kwa kila kipande.

Pindo litumie kama pindo. Likate refu uzungushie blanketi zima na litafanya kazi yake ileile. Jina nalo, yaani maandishi ya kanga, ulitazame kabla ya mkasi kupita. Ukiikata "Hasidi hana sababu" bila kufikiri, mgeni wako atalala na neno "Hasidi" kifuani, naye atatafuta maana. Wengine hukata majina kwa makusudi na kuyaunga upya, wakatoa methali ambazo hakuna babu aliyewahi kuzisema. Hiyo ni sanaa ya peke yake.

Mombasa, duka la Kaderdina la Mtaa wa Biashara, maarufu kwa chapa ya Mali ya Abdulla, linafanya kazi hii tangu 1887. Ukipita huko nunua doti mbili za mji wenye maua madogo. Miji yenye picha kubwa ya korosho au nanasi ni mizuri mwilini, ila ukiikata sentimita 16 unabaki na vidoa visivyoeleweka.

Nafasi ya nne: vipande vya fundi

Ni bure au kwa bei ya soda, vimejaa kiroba, na kila mtu atakuambia uanzie hapo. Mimi nasema usianzie hapo. Ndani ya kiroba kimoja kuna satini, kitenge cha poliesta, bitana, gauni la sendoff na pamba kidogo, vyote vimechanganyika, na anayeanza hajui kutofautisha. Vingi pia ni vyembamba, vimekatwa kwenye makwapa na shingo, havifiki sentimita 16.

Lakini kwa mwenye jicho, ni hazina. Mzoee fundi mmoja wa gauni za kitenge, umwombe akutengee vipande vya pamba tu, vinavyozidi kiganja. Ukimpelekea foronya moja iliyoshonwa vizuri, hatakusahau.

Jaribu kila aina kwa moto. Chomoa nyuzi chache, zishike kwa kibano juu ya sahani ya bati, uwashe kiberiti. Pamba huungua kama karatasi, ikaacha jivu laini la kijivu. Poliesta hujikunja, huyeyuka na kuacha kishanga kigumu cheusi chenye harufu ya plastiki. Ukiona jivu na vishanga pamoja, ni mchanganyiko. Utie kwenye kazi ya mapambo.

Vya kuacha

Kitenge cha poliesta kinachoteleza, satini, lasi na kila kinachovutika. Pasi ya moto inayohitajika kulaza mshono wa pamba ndiyo itakayoviyeyusha. Ila kama unashona kazi ya kutundika ukutani, tuseme ya maonyesho pale Nafasi Art Space, Mikocheni, kanuni zangu nyingi hazikuhusu. Kazi hiyo haifuliwi. Chukua lasi, chukua hata mfuko wa sandarusi.

Bafta, ile pamba nyeupe nyepesi, na marekani, ile pamba nzito isiyotiwa rangi, sikuvipa nafasi kwa sababu havishindani na vingine. Nunua yadi mbili za bafta kwa ajili ya vipande vyeupe vya kupumzisha macho, uzifue kwanza. Marekani ni nzito na hurudi sana. Itakufaa kwa upande wa chini ukikosa shuka.

Kuhusu kuchuja, chumvi na siki ambazo shangazi zetu wote wametufundisha hazifungi rangi ya kitambaa kilichochapwa kiwandani. Lowanisha kitambaa cheupe, ukisugue kwa nguvu juu ya kile unachotaka kununua, hapo hapo dukani. Cheupe kikipokea rangi nyingi, mrudishie mwenyewe kwa heshima. Ikiwa kidogo, kifue peke yake mpaka kiache.

Cha kutia katikati hutegemea unakoishi. Dar, Tanga na Zanzibar, usitie kitu, au tia shuka kuukuu moja. Zaidi ya hapo utalitumia Julai tu. Njombe, Arusha na Limuru, blanketi jepesi la zamani lililokwisha kurudi ni bora kuliko fayba ya dukani, ambayo huhama na kujikusanya usipoipitishia mishono ya karibu karibu. Sufi, ile pamba ya msufi, iache kwenye mito. Ikilowa hujifunga mabonge, na hakuna anayeweza kuitandaza tena.

Uzi ndio usiobaniwa bei. Vuta kipande kwa mikono miwili kwa ghafla: ukikatika kirahisi, utakatika pia kwenye kila mshono. Sindano namba 14 kwa kitenge na mashuka, namba 12 kwa kanga, na ubadilishe mpya kila unapoanza blanketi jingine. Cherehani ya miguu inayoshona mshono ulionyooka tu inatosha. Atakayekuambia uuze ile Butterfly ya mama yako ununue ya umeme yenye mishono ya maua, mwulize kwanza kama yeye ndiye anayeiuza.