Chipu za kuoteshea fuwele za protini, nimezitumia mwezi mzima huku Unguja

Jamani kuna watu wananiuliza hizi chipu zina faida au ni pesa ya bure, basi nasema nilivyoziona mwenyewe. Kazi yake ni kuotesha fuwele ya protini, ambayo ukiipiga eksirei unalijua umbo la protini ile.

Ni kipande cha mpira wa silikoni, unaona mpaka upande wa pili, kimebandikwa juu ya kioo na ndani kina vimfereji vyembamba kama unywele. Huku unatia protini, huku maji ya chumvi, vinakutana katikati. Mimi kilichonishika ndo hapo, maana kwenye mfereji mwembamba vile maji hayajivurugi, chumvi inapenya taratiibu tu, kwa hiyo mfereji mmoja unakupa chumvi kali mpaka hafifu na fuwele inaota pale palipoipendeza.

Nilijaribu lisozaimi ya ute wa yai, kimeng'enya cha mwanzo kabisa umbo lake kujulikana, London mwaka 1965. Kwa njia ya tone la kuning'inia, yaani tone la protini na chumvi linaloning'inia chini ya kioo, nilikuwa natia mikrolita nzima kila jaribio, hapa ni nanolita, yaani mikrolita moja uigawe mara 1000. Kama umeshawahi kusafisha protini wiki tatu ukaambulia tone moja, utanifahamu.

Asubuhi yake natia jicho kwenye hadubini, mfereji wa tatu una vijiwe vinne, kingo zimenyooka kama zilizokatwa kwa wembe, wallahi nilimwita mwenzangu mbio aje aone.

Sasa ubaya wake. Mpira huu unapitisha mvuke na muuzaji hajasema popote, na joto hili la kaskazi siku ya pili chipu mbili zimekauka, zimejaa fuwele, kumbe chumvi tupu, na nimeshazipima siku nzima. Hili limeniudhi sana. Dawa yake tia methilini bluu kidogo, fuwele ya protini ina maji mengi ndani itainywa rangi, ya chumvi hainywi. Na chipu iweke kwenye kopo la mfuniko pamoja na pamba iliyorowa, chumba cha kiyoyozi, umeme ukikatika usilifungue lile kopo.

Kuitoa fuwele nayo ni tabu, unakata mpira kwa wembe na mkono ukitetemeka imevunjika. Kwa hiyo mie kwenye chipu natafutia kipimo cha chumvi kinachofaa, halafu fuwele kubwa ya kupiga eksirei naiotesha kwenye tone. Kwa kazi hiyo nimeshaagiza pakiti nyengine.