Nimeagiza vitabu vinne vya kitaaluma kutoka Dar hadi Mbeya: uzoefu wangu

Boksi lilifika stendi ya Nane Nane saa kumi na moja na nusu alfajiri, limezungushiwa solotepu kila upande, namba yangu ya simu imeandikwa juu kwa maka peni. Ilikuwa Juni, na anayeijua Mbeya ya Juni anajua hakuna aliyetoa mkono mfukoni bila sababu. Dada wa dirisha la parseli alilinyanyua, akalirudisha chini, akaniuliza, "Madam, umeagiza matofali?" Nikalipa elfu nane, nikaita bajaji.

Naandika kwa sababu kabla ya kutuma hela nilitafuta mtu wa huku kwetu aliyewahi kuagiza vitabu vya namna hii anieleze, nikamkosa. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, kidato cha tano na sita, na nasoma uzamili Iringa. Ukizunguka maduka ya vitabu ya mjini na Mwanjelwa utapata vya kiada, miongozo ya mitihani, Biblia na vitabu vya nyimbo. Kitabu kipya cha uhakiki wa fasihi au cha falsafa, mimi sijakiona. Ndipo mwenzangu wa darasani akanipa namba ya muuzaji mmoja wa Dar anayeagizia watu kwa WhatsApp. Jina lake nalihifadhi, maana kuna lawama mbele.

Utaratibu wake ni mwepesi. Unamtumia jina la kitabu, baada ya siku mbili tatu anakupa bei, unalipa kwa simu, mzigo unapanda basi. Viwili alikuwa navyo dukani, viwili viliagizwa nje na vilichukua wiki sita. Aliniambia mapema kuwa vitachelewa, kwa hiyo hapo sina neno.

Nianze na cha uhakiki wa riwaya, cha Kiswahili, kilichochapwa hapa hapa nchini. Elfu ishirini na nane. Nilikifuata kwa ajili ya sura zinazomhusu mwandishi wetu Euphrase Kezilahabi, hasa Nagona (1990) na Mzingile (1991), riwaya fupi ambazo kila mwaka wanafunzi wangu wakifika ukurasa wa kumi wanauliza hapa tuko ndotoni au tuko macho. Wahakiki wengi huwajibu kwa kuwaambia ni "riwaya za kifalsafa" na kupita zao. Huyu hakupita. Anaanzia kwenye tasnifu ambayo Kezilahabi mwenyewe aliiandika Marekani, Chuo Kikuu cha Wisconsin, mwaka 1985, kuhusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Kisha anaziendea riwaya taratibu, akimshika msomaji mkono. Nilikuwa nasoma huku nimejifunika blanketi, chai imepoa pembeni, nikafika ukurasa wa 96. Nikafunua. Ukurasa wa 81.

Nikarudi nyuma, nikafunua tena. Ni 81 kweli. Kurasa 81 hadi 96 zimo mara mbili, na 97 hadi 112 hazimo kabisa. Kwa wasiojua, vitabu vya aina hii huchapwa kwenye karatasi kubwa ambazo zikikunjwa kila moja inatoa kurasa 16, kisha mikunjo inapangwa kwa zamu na kupigwa gundi mgongoni. Aliyekuwa anapanga alichukua mkunjo wa sita mara mbili, wa saba akausahau. Na mkunjo wa saba, kwa bahati yangu, ndio uliobeba Mzingile.

Nikampigia. "Pole sana mwalimu, kirudishe nikubadilishie." Nauli ya kurudisha nani analipa? Wewe. Zaidi ya kilometa 800 kwa kosa la kiwandani! Tulivutana siku mbili, kwa heshima lakini tulivutana. Mwisho akaja na suluhisho ambalo sikulitegemea: alichukua nakala nzima aliyobaki nayo, akatoa kopi zile kurasa 16 na kunitumia kwenye bahasha kwa basi. Karatasi za kopi ni kubwa kuliko kitabu, nikazipunguza kwa mkasi, nikazibandika kwa gundi. Sasa kitabu kina kitambi katikati. Wanafunzi wangu wanakiita "mjamzito", na ndicho kinachogombewa kuliko vyote kwenye kabati la idara. Mgongo nao umeshaachia, kurasa za mwanzo zinatoka zenyewe. Faharasa hakina. Ukitaka kujua mwandishi kamtaja wapi Shaaban Robert, soma kitabu chote. Hili la faharasa linaniudhi kuliko hata mkunjo uliopotea, maana mkunjo ni ajali, ila kutoa kitabu cha kitaaluma bila faharasa mtu alikaa akaamua.

Cha falsafa kina faharasa ya kurasa kumi na moja, karatasi nzuri, jalada gumu. Elfu mia moja sitini na tano. Kimetoka kwenye chapa ya chuo kikuu kimoja cha Uingereza na kinahusu fikra za Waafrika juu ya utu, na sehemu kubwa ni pwani ya Waswahili. Nilikitegemea kiwe uti wa mgongo wa utafiti wangu.

Shida yake ni hii. Manukuu yote, ya mashairi, methali na mazungumzo na wazee, yamewekwa kwa Kiingereza tu. Kiswahili chenyewe hakimo, si ndani ya matini wala kwenye tanbihi. Sasa chukua sentensi moja, mzee anaulizwa mtu mwema ni yupi, na jibu lake kwa Kiingereza lina neno ambalo mimi naweza kulirudisha kama utu, au ubinadamu, au uungwana. Kwetu haya si maneno ya kubadilishana kama viatu vya mtumba. Mtu anaweza kuwa na ubinadamu kwa kuzaliwa tu akakosa utu. Na uungwana una historia yake: muungwana alikuwa yule asiye mtumwa, kwa hiyo neno hilo likitoka kinywani mwa mzee wa pwani linabeba nasaba na daraja la mtu pamoja na adabu yake. Mzee alisema lipi? Hoja nzima ya sura ile inasimama juu ya jibu hilo, na mimi Mswahili nisomaye nimebaki kubahatisha kile ambacho mwenzangu alikisema kwa lugha yangu. Nilikaa jioni nzima na penseli nikijaribu kuzirudisha sentensi zake kwenye Kiswahili. Tatu zilirudi vizuri, nyingine nikaziacha.

Nasema haya na bado sijutii kukisoma, ila najuta kukinunua. Utangulizi wake ni wa viwango, na anavyobishana na Tempels, yule padre Mbelgiji aliyetoa kitabu chake kuhusu falsafa ya Kibantu mwaka 1945, kumenisaidia kuelewa kwa nini ugomvi ule haujaisha. Lakini kwa hela ile ningepata vitano vya Kiswahili na nauli ya kwenda Iringa na kurudi.

Cha elimu nitakipitia haraka, kama nilivyokisoma. Ni mkusanyo wa makala kuhusu lugha ya kufundishia: mtoto anasoma msingi kwa Kiswahili, akifika kidato cha kwanza anakutana na Kiingereza kama ukuta. Hoja zake ni za kweli na kila mwalimu anazijua. Wamemrejelea Nyerere na Elimu ya Kujitegemea ya 1967 karibu kila makala, mpaka nikahisi wanaapishana. Kilitoka kabla ya mitaala mipya iliyoanza kutumika Januari 2024, kwa hiyo mifano yake mingi ya muhtasari imeshapitwa. Na makala mbili kati ya tisa nilikuja kugundua ninazo tayari kwenye simu, nilizipakua bure. Kabla ya kutoa hela yako, tafuta kwanza: majarida ya Kiswahili, Mulika na Kioo cha Lugha ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam yana matoleo yanayosomeka mtandaoni bila malipo, na tovuti ya African Journals Online nayo ina mengi. Bando la elfu mbili lingeniokolea elfu arobaini.

Cha nne ni cha historia ya nyanda zetu hizi, kwa Kiingereza, kile kinachochapwa nakala moja moja kadiri oda inavyoingia. Wino umepauka kidogo, picha za zamani zimekuwa vivuli vyeusi tu. Mimi Mhehe, nilikimbilia faharasa kutafuta Mkwawa, mtawala wetu aliyepigana na Wajerumani, nikaridhika: vita vya Lugalo 1891 vipo, fuvu lake lililorudishwa Kalenga 1954 lipo. Lakini nimeolewa Tukuyu, kwa Wanyakyusa wa Rungwe, na sehemu ya huko ndiyo iliyonikalisha. Mwandishi anamtegemea sana Monica Wilson, mwanaanthropolojia aliyeishi na Wanyakyusa miaka ya 1930 na mwaka 1951 akatoa kitabu kuhusu vijiji vya marika, ambako vijana wa rika moja walijenga pamoja mbali na baba zao. Moja ya sababu anazozitoa ni mwiko kati ya mke na baba mkwe wake: hawakutakiwa kuonana.

Nilikibeba kwenda Tukuyu, nikamtafsiria mama mkwe aya ile jikoni, tunamenya ndizi. Alicheka mpaka akaweka kisu chini. "Mwanangu, mimi nilikuwa nikisikia kikohozi chake tu njiani, naingia migombani na ndoo yangu kichwani. Nasubiri apite. Maji yananimwagikia." Nikamuuliza ilidumu muda gani. Akasema hadi alipozaa wa pili. Kisha akaniangalia, akasema, "Haya, mpelekee baba yako chai, usiku unaingia." Mwandishi jambo lote hilo amelimaliza kwa mistari minne na tanbihi. Hata hivyo bila mistari ile nisingeuliza, na hiki sikiuzi.

Muuzaji nampa nyota nne, ya tano ameila kwenye nauli. Wiki iliyopita nimemtumia oda nyingine, kitabu kimoja tu, cha ushairi. Nikamwandikia: "Kaka, kabla sijalipa nipigie picha ya faharasa, na nifunulie ukurasa wa 96 na unaofuata." Akanijibu kwa sauti, anacheka peke yake: "Mwalimu, nimeshahesabu kitabu kizima." Picha zikaja baadaye. Baada ya 96 kuna 97. Faharasa hakuna.