Laptopu ya ThinkPad X280 ya mkono wa pili kwa magemu ya simu: miezi saba nikiwa nayo Dodoma

Kabla sijatoa hela nilimwomba muuzaji kiti na dakika kumi. Duka liko katikati ya mji, kwenye ile mitaa ya barabara za namba, na wateja walikuwa wamejaa, lakini alinivutia stuli. Nikafungua Command Prompt, lile dirisha la kuandikia amri, nikaandika powercfg /batteryreport, nikasoma sehemu mbili tu: betri iliundwa kushika umeme wa Wh 48, na sasa inashika 37. Nikaingia Task Manager, ukurasa wa Performance, nikahesabu: core 4, yaani vichwa vinne vya kazi ndani ya prosesa, na RAM, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, GB 8. Mbele ya neno Virtualization, uwezo wa kompyuta kuendesha mashine nyingine ndani yake, palisomeka Disabled, yaani imezimwa. Muuzaji akachungulia akasema, "Dada, hiyo hata mimi siijui." Nikamwambia haina shida kaka, nitaiwasha nyumbani. Nikalipa shilingi 520,000 pamoja na chaja yake.

Uangalifu huo umenigharimu. Mwaka uliotangulia nilinunua laptopu mpya ya boksi, nyepesi kama daftari, kwa hela inayokaribiana na hiyo. Nilimweleza aliyeniuzia kwamba mchana nitachapia kazi za wanafunzi hapa kwenye steshenari yangu Ng'ong'ona, jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma, na usiku nataka kucheza magemu ya simu kwenye kioo kikubwa. Akasema inacheza kila kitu. Ilikuwa na core 2, RAM GB 4 na hifadhi ya GB 64. Ludo peke yake ilichukua dakika nne kufunguka. Nilikuwa nabofya dadu, nakwenda kumtolea mteja fotokopi, narudi bado linazunguka. Laptopu yenyewe haikuwa mbovu. Dada mmoja wa hosteli aliinunua kwangu na anaandikia ripoti zake vizuri tu. Ila yule mtu alijua ninachotaka na hakuniambia ukweli, na hilo mpaka leo linaniuma.

Kwa hiyo naandika hapa kile ambacho ningependa kuambiwa siku ile.

Magemu ya simu yameandikwa hasa kwa ajili ya prosesa za ARM, zile zilizomo kwenye simu zetu. Laptopu nyingi za Windows zina prosesa za namna nyingine. Ili vielewane unaweka emuleta, na mimi natumia BlueStacks 5, ambayo inaunda simu nzima ya Android ndani ya Windows na kutafsiri inachosema gemu. Simu hiyo ya ndani inataka core zake na RAM yake, na Windows nayo haiachi kula. Kwenye GB 4 vinagombania sahani moja. Kwenye GB 8 kila kimoja kinapata chake. Google wenyewe, kwa programu yao ya Google Play Games ya kwenye kompyuta, wanataka angalau RAM GB 8, nafasi ya GB 10 kwenye SSD (ile hifadhi ya kasi), na virtualization iwe imewashwa. Ukiwa na hivyo, wala usihangaike kutafuta laptopu nene yenye kadi kubwa ya picha. X280 yangu ina Core i5-8350U, na picha zinashughulikiwa na Intel UHD 620 iliyomo humo humo ndani ya prosesa. Kwa magemu ninayocheza mimi imetosha.

Ile virtualization niliiwasha usiku wa kwanza. Unazima laptopu, unaiwasha, jina la kampuni likitokea unabonyeza Enter halafu F1. Unakwenda Security, unashuka mpaka Virtualization, unaweka Enabled, unamaliza kwa F10. Dakika mbili, na hailipiwi hata senti. Nilikuwa nimeshajaribu Clash of Clans, gemu la kujenga kijiji na kukilinda, kabla ya kuiwasha, na kijiji changu kilichukua zaidi ya dakika moja kutokea. Baada ya kuiwasha, sekunde ishirini na kidogo. Kijiji chenyewe kilihama kutoka kwenye simu bila kupotea ukuta hata mmoja, kwa sababu nilikuwa nimekiunganisha na Supercell ID, akaunti ya wenye gemu. Kama una kijiji cha miaka, unganisha kwanza kwenye simu ndipo ugusie laptopu.

Kwenye setingi za BlueStacks nimeipa core 2 na RAM GB 2, nikashusha picha kuwa 30 kwa sekunde. Ukiwa mkarimu sana ukaipa core zote nne, Windows inakosa pumzi na gemu linakwama palepale. Na kivinjari nakifunga kabisa kabla ya kucheza.

Sasa magemu yenyewe. 8 Ball Pool, gemu la pool, kwa mausi ni raha ambayo kwenye simu sijawahi kuipata. Kidole changu kilikuwa kinaziba meza; mausi haizibi kitu, na unaweza kusogeza fimbo kwa unywele. Clash of Clans hivyohivyo, kioo cha inchi 12.5 kinaonyesha kijiji chote. Subway Surfers ni mishale minne ya kibodi basi, na watoto wa jirani wamelijua ndani ya dakika tano.

Dream League Soccer inataka maelezo zaidi, kwa kuwa ndilo gemu la mdogo wangu na ndilo lililonifundisha mipaka ya kibodi. Unafungua kihariri cha vitufe cha emuleta, unaburuta alama ya mielekeo na kuiweka juu ya duara la kukimbilia, inakuwa W, A, S na D. Halafu vile vitufe A, B na C vilivyo kulia mwa kioo, nikavipa J, K na L. Inafanya kazi vizuri. Lakini mdogo wangu, yuko kidato cha tatu na kwenye simu ananifunga nne bila, alicheza nusu ya kwanza akaniita: "Dada, huyu mchezaji anakata kona kama mtu aliyevaa viatu vya mbao." Nikakaa pembeni nikatazama vidole vyake. Alikuwa sahihi. Dole gumba kwenye kioo cha simu linaweza kuelekea upande wowote, hata kwa kuteleza kidogo tu. Kibodi ina pande nane: nne za vitufe, na nne za kubonyeza viwili pamoja. Winga anayependa kuzunguka beki kwa mkunjo mdogo hawezi. Tukabadili uchezaji, tukaacha chenga tukacheza pasi ndefu, na mambo yakawa mazuri. Kama soka ndilo lako, tenga hela ya pedi ya kuchezea magemu, ya USB.

Kuna jambo moja la X280 lililotupotezea saa nzima. Katika magemu ya kulenga, BlueStacks hutumia F1 kufunga mausi ndani ya gemu. Tulikuwa tunabonyeza F1 na sauti ndiyo inayozima. Kwenye ThinkPad, F1 kwa kawaida ni kitufe cha kunyamazisha. Bonyeza Fn na Esc pamoja mara moja, taa ndogo ya kitufe cha Esc iwake, basi F1 inarudi kuwa F1.

Kuhusu PUBG Mobile sitakaa sana. Linafunguka, ila wachezaji wa emuleta wanapangwa na wachezaji wa emuleta, na ukiingia kikosi kimoja na marafiki wa simu, kikosi kizima kinapelekwa huko. Wenzangu hawakupenda, na sikuwalaumu. Emuleta inayotambuliwa rasmi kwa gemu hilo ni GameLoop ya Tencent. Na ukweli ni kwamba mashine ya kilo moja na kidogo inapiga feni mpaka unasikia chumba cha pili. Kama kupiga risasi ndiyo starehe yako, baki na simu nzuri.

Bando. Hapa wengi tunaumia. Nyumbani sina waya wa intaneti, natumia hotspoti ya simu, na laptopu ikiona hotspoti inadhani imefika kwenye maji ya bure. Wiki ya pili niliiacha imewaka usiku inapakua gemu, asubuhi GB 10 zote zimekwisha na gemu lenyewe halijafika nusu: kompyuta ilikuwa inajisasisha. Nenda kwenye setingi za Wi-Fi, bofya jina la hotspoti yako, washa "Metered connection", ili Windows ijue bando lina kipimo. Kwenye Play Store ya ndani ya emuleta nako zima kujisasisha kwa programu. Tangu hapo bando langu linakwenda nilikolituma.

Vumbi nalo. Kuanzia Juni hadi Oktoba upepo wa huku unaleta vumbi mpaka ndani ya kabati lililofungwa, na X280 inavuta hewa kutoka chini. Nilipofikisha miezi minne nayo feni ilianza kulia kama filimbi na Clash ikawa inakwama. Fundi wa jirani alifungua kava, akatoa utepe wa vumbi ulioshikana kama sufi, akapaka pesti mpya ya kutoa joto juu ya prosesa, shilingi 10,000. Joto likashuka, hata ukigusa kwa mkono tu unalisikia. Siku hizi naweka vizibo viwili vya soda chini ya pembe za nyuma ili hewa ipite, na siiweki kitandani kabisa.

Betri: Dream League inakula saa moja na dakika arobaini hivi, Ludo inakaribia saa tatu, na kazi ya kuchapa bila emuleta ni saa tano. Umeme ukikatika saa mbili usiku tunaendelea kucheza na mwanga wa kioo. Inachajiwa kwa USB-C, ya Wati 45 inatosha, kwa hiyo chaja ikisahaulika si lazima kutafuta ya aina ileile.

Mambo mawili uyajue kabla ya kulipa. RAM ya X280 imechomelewa kwenye bodi, haiongezwi, hivyo ukikuta ya GB 4 iache hata kama bei inakuvutia. Na hakikisha prosesa ni ya kizazi cha nane: i5-8250U, i5-8350U na kadhalika. Hizo zinakubali Windows 11 rasmi, wakati za kizazi cha saba na cha sita kwa sehemu kubwa hazikubali, na Windows 10 ilifikia mwisho wa huduma Oktoba 14, 2025. Usisubiri tena ile njia ya Microsoft ya kuendesha programu za Android ndani ya Windows 11, waliifunga Machi 5, 2025.

Nimeibeba Kongwa mara tatu, ndani ya kikapu kilekile cha sabuni na sukari ninavyompelekea mama. Mara ya kwanza niliiweka juu ya meza ya sebuleni, nikafungua Ludo King, ule mchezo wa kupokezana ambao hauhitaji intaneti. Mama alichagua kete za kijani. Akaweka kidole kwenye kioo, dadu halikusogea, kwa kuwa kioo cha yangu si cha kugusa. Nikamshikisha mausi. Alikuwa anaibeba juu kwa mkono mzima kama anabeba yai, anaiweka panapotakiwa, anabofya kwa nguvu. Zamu ya tano akapata sita. Akapata sita tena. Ya tatu ikawa sita pia, na gemu likamnyang'anya zamu, kama kanuni inavyosema.

"Mwanangu, hii inaiba!"

Shangazi akacheka mpaka akashika mlango. Tukamweleza kanuni, akaitafakari, akaikubali kwa shingo upande. Tulicheza wanne kwenye kioo kimoja, mimi, mama, shangazi na mdogo wangu, laptopu ikizungushwa juu ya meza kama bakuli la karanga, mpaka saa nne na nusu usiku. Kwenye simu yangu tulishajaribu hilo. Vichwa vinagongana, mama havioni vitundu, na simu inalia katikati ya mchezo kwa sababu mteja anatuma kazi yake WhatsApp. Hapa hakuna aliyetukatiza. Alishinda shangazi, mama akawa wa pili, na betri ilibaki asilimia 22.

Mama sasa anajua kuiwasha mwenyewe. Safari ijayo nakwenda na mausi yake, ndogo zaidi, nimeshainunua kwa shilingi 12,000.