Usafiri wa usiku Arusha: Moshono 3, Usa River 6, Kwa Mrombo 8

Duka la dawa ninalouza liko karibu na Kilombero, na tunafunga saa mbili kasoro robo usiku. Nakaa Moshono. Kwa hiyo mtu akiniambia usafiri wa Arusha ni mzuri, namuuliza kwanza: wa saa ngapi? Mchana sina neno. Magari yanagombania abiria mpaka yanakwaruzana vioo. Ninachopima hapa ni kuanzia saa hiyo ya kufunga duka, kwa njia tatu nilizopanda wiki mbili mfululizo.

Moshono, alama 3 kwa 10. Jumanne nilipiga vistari nyuma ya kitabu cha risiti: mpaka saa tatu zilikuja haisi nne, na mbili kati ya hizo zilikata ruti. Konda anaita "Moshono, Moshono, siti zipo!", nauli anakusanya mapema, mkifika Kijenge taa ya ndani inawashwa. "Gari mbovu, shukeni hapa." Gari mbovu hiyohiyo inageuza na kurudi mjini inapiga honi.

Safari hiyo kulikuwa na mama mwenye ndoo ya ndizi mbivu mapajani. Akagoma kushuka. "Mwanangu, nimekupa hela ya Moshono, sio ya Kijenge." Konda akamrudishia mia tatu. Mama akaniomba mwanga wa simu, akaihesabu, akajiweka sawa kwenye kiti. "Bado mia tatu." Alishuka na mia sita yake kamili, na sisi wengine tukapata ujasiri wa kudai zetu. Boda ya kumalizia safari ilinitoa elfu mbili.

Usa River, 6. Gari zipo, ila Jumatano na Jumamosi, siku za soko la Tengeru, jipange kukaa na kuku wa mtu.

Kwa Mrombo, kwa dada yangu, ni 8. Saa nne kasoro bado wanaita. Nilidhani labda huko wamepewa magari mengi zaidi, mpaka konda mmoja aliponielewesha huku akipanga noti. "Dada, hesabu ya bosi, ile hela ya kumpelekea kila siku, mpaka saa kumi na mbili nimeimaliza. Baada ya hapo tunajitafutia. Moshono usiku najaza kwenda, narudi na viti vitupu. Mrombo nikishusha napakia tena."

Basi kumbe ndiyo siri yote. Njia haipati gari za usiku kwa wingi wa watu waliosimama kituoni. Inazipata kwa abiria wa kurudi. Na nauli haimsaidii dereva: ya safari isiyozidi kilomita 10 ilipanda kutoka 500 hadi 600 Desemba 2023, na ni ileile mchana na usiku, gari ijae au isijae.

Majirani zangu wanapigia kelele tuongezewe magari. Mimi sikubaliani nao. Ongeza hata ishirini, saa moja jioni yote yatakuwa yamelazwa au yamehamia Mrombo kwa wizi. LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ndio wanaotoa leseni za ruti. Mimi ningependa leseni ya Moshono ije na zamu ya usiku, na aliyeshika zamu awe wa kwanza kupakia asubuhi, wakati kila mtu anakimbilia mjini. Hapo hasara ya usiku inafidiwa alfajiri.

Mdogo wangu yuko Dar, ananitania kwamba kwao kuna treni. Ile treni ya mjini ilipoanza Oktoba 2012 ilipangwa iende asubuhi na jioni, mchana ipumzike: waliangalia watu wanatoka na kurudi saa ngapi. Sisi reli imefika Arusha tangu 1929, na treni ya abiria kutoka Dar ilirudi 2020 baada ya miaka mingi, lakini hiyo ni ya safari ndefu. Kijenge haisimami, na angalau haitanidanganya kwamba ni mbovu.

Hizo alama 3 za Moshono si za njia, ni za gari moja. Ina ufa kwenye kioo cha mbele, na dereva wake ni mzee mmoja asiyeongea. Haikati ruti hata siku moja, kwa sababu nyumbani kwake ni Moshono na gari inalala uani. Inapita saa tatu kasoro dakika kumi. Jana nilimkuta yule mama wa ndizi ameshakaa mbele, ndoo tupu miguuni. Akanigongea kioo: "Wahi, binti, imebaki moja."