Pikapu ya dizeli kugoma asubuhi: hita plagi au hewa kwenye mafuta?

Dar si Makete. Hata Julai, alfajiri ya Mbagala haina baridi ya kuzuia injini isiyo na hitilafu kuwaka, kwa hiyo usikimbilie Kariakoo kununua hita plagi (plagi za kupasha injini joto kabla ya kuwasha). Angalia ekzosi kwanza. (Stata ikizunguka kwa uvivu, anza na betri.)

Moshi mweupe wenye harufu ya dizeli ukitoka wakati unapiga stata, mafuta yanafika ila hayaungui. Hapo shuku hita plagi, hasa kwa injini kama 3L na 5L za Hilux, ambazo huhitaji kupashwa hata kwenye joto letu. Chomoa waya, pima kila plagi kwa multimita (kipimo cha umeme cha fundi): plagi iliyokatika ndani haisomi kitu.

Hakuna moshi kabisa? Huenda mafuta yamerudi tangi usiku na hewa imeingia. Bonyeza pampu ya mkono juu ya filta. Ikiwa laini, kisha ikakaza baada ya kubonyeza mara kadhaa na gari likawaka, umempata mwizi. Kagua klipu na mipira ya mafuta. Kwangu ilikuwa oringi (pete ya mpira ya kuziba) moja tu, na nilishabadili plagi zote nne.