TAHADHARI: Tapeli anayeuza vichwa vya treni na tenda zisizo zake

Wakuu, ninyi mnaonunua treni kubwa za modeli za mtumba, zile za reli yenye upana wa milimita 45 kati ya vyuma vyake, someni hili kabla hamjamtumia mtu pesa. Nimepigwa, na aliyenipiga bado anatangaza.

Nilitafuta kwa muda mrefu Pacific, aina ya kichwa cha treni ya mvuke, ya Aristo-Craft ya kipimo cha 1:29, yaani ndogo mara 29 kuliko treni halisi. Kampuni ile ilifunga mwaka 2013, kwa hiyo anayeitaka leo hana pa kwenda isipokuwa kwenye mtumba. Siku moja nikakuta tangazo: "Seti kamili, kichwa pamoja na tenda yake ya asili, imetunzwa." Tenda ni kile kigari cha nyuma ya kichwa cha mvuke, cha kubebea makaa na maji. Picha nne, zote zimepigwa kutokea mbele. Kichwa kimejaa kwenye picha, tenda iko kule nyuma, ndogo, haionekani vizuri. Hapo ndipo nilipotakiwa kuuliza. Sikuuliza, kwa sababu kichwa kilikuwa kizuri kweli na bei ilikuwa ya kawaida. Ingekuwa bei ya kutupa ningeshtuka. Huyu mtu anajua kupanga bei.

Mzigo ulifika ukiwa umefungwa vizuri. Kichwa kizima, rangi safi, magurudumu hayajalika. Nikatoa tenda, nikaiweka nyuma yake, moyo ukashuka. Ilikuwa fupi mno kwa Pacific, halafu ngazi na vishikio vyake vilikuwa vinene kama vya treni nyingine kabisa. Na kweli ilikuwa ya treni nyingine: tenda ya kipimo cha 1:22.5, imepakwa rangi nyeusi kufanana na kichwa. Fito ya kuunganishia ilikuwa waya mnene uliopindwa na kubandikwa kwa gundi ya moto. Nyaya zinazotoka kwenye kichwa zilikuwa zimekatwa, plagi haipo.

Wageni wengi hawajui kwa nini jambo hili linawezekana, na yeye anaishi kwa kutojua huko. Reli ya milimita 45 inabeba vipimo vingi. Reli ya kawaida ya ulimwengu ni milimita 1,435. Ukiigawa kwa 32 unapata karibu 45. Reli ya mita moja ukiigawa kwa 22.5 unapata zaidi kidogo ya 44, na hicho ndicho kipimo walichoanza nacho LGB, kampuni ya Kijerumani ya treni za modeli, mwaka 1968. Reli nyembamba ya futi 3 kwa 1:20.3 nayo inaangukia 45. Treni za 1:29 hazilingani kabisa na reli hiyo kwa hesabu, lakini zinatembea juu yake bila shida. Kwa hiyo tenda ya 1:22.5 itakaa kwenye reli moja na kichwa cha 1:29, itavutwa, itapita kona, na mtu akisema "inatembea vizuri" hajadanganya. Kinachomuumbua ni vile vitu ambavyo binadamu anavishika na kuvikanyaga: mlango, ngazi, vishikio. Mtu wa sentimita 175 kwenye 1:29 ana urefu wa milimita 60. Kwenye 1:22.5 anafika 78. Simamisha sanamu moja ya mtu kando ya kichwa, kisha kando ya tenda, utaona kama vyote viwili vilijengwa kwa ajili ya mtu huyohuyo.

Nilimwandikia. Kwanza akasema hivyo ndivyo vilivyotoka kiwandani. Nilipomtumia picha za ile gundi, akasema atanitafutia tenda nyingine nikiongeza pesa kidogo. Tafadhali kumbukeni sentensi hiyo, maana mwenzangu mmoja aliyenunua kwake Mikado, aina nyingine ya kichwa cha mvuke, aliambiwa hivyohivyo, akaongeza, na hakupata kitu. Nikadai kurudishiwa pesa, akanyamaza.

Na pesa nisingeweza kuirudisha kwa njia nyingine, kwa sababu alinishawishi nilipe kama namtumia rafiki, "tukwepe makato." Kwa PayPal, pesa inayotumwa kama ya ndugu na marafiki haina ulinzi wa mnunuzi. Muuzaji akikuomba ulipe hivyo, achana naye, hata kama treni ni ile uliyoiota miaka kumi.

Wiki tatu baadaye nikaelewa mchezo mzima. Kwenye akaunti nyingine, jina lingine, ilitangazwa tenda ya Pacific ya 1:29, peke yake, kwa bei ya juu. Imelazwa juu ya kitambaa kilekile cha kijani chenye tundu la kuungua pembeni, kitambaa kilichokuwa chini ya kichwa changu. Tenda pekee zinatafutwa sana, kwani watu wengi wamebaki na vichwa vitupu. Yeye ananunua jozi nzima, anaitenganisha, tenda nzuri anaiuza ghali, kichwa anakivisha tenda yoyote iliyopo. Jozi moja inakuwa mauzo mawili, na mimi na wewe ndio tunaobaki na kigari kisicholingana.

Basi ukinunua, kwa huyu au kwa mwingine, omba picha ya tumbo la kichwa na tumbo la tenda, na picha ya pale zinapoungana, plagi ikionekana. Omba pia picha ya ubavu mzima, kichwa na tenda zikiwa zimeunganishwa, pembeni pawe na karatasi yenye tarehe ya siku hiyo. Video ikitembea ni bora zaidi, lakini itazame kutokea upande, siyo mbele. Mwenye jozi halali hivyo vyote anavifanya kwa dakika kumi. Wangu nilipomwomba picha ya plagi, mzigo ukiwa tayari njiani, alijibu kwamba kamera imeharibika.

Wanaokusanya treni za zamani za kampuni ya Lionel wajihadhari pia: tenda yenye W mwishoni mwa namba ilitengenezwa na filimbi ndani, na filimbi ile ina mota yake. Watu huitoa na kuuza ganda. Uliza uzito, omba kuisikia ikilia.

Jambo linaloniogopesha zaidi ni vichwa vya mvuke halisi, vile vinavyochemsha maji kwa moto. Baadhi yake tenki la gesi ya butani limo ndani ya tenda, na bomba linavuka kwenda kwenye kichomeo. Nimeona kwenye matangazo yake kichwa cha aina hiyo, "tenda imerekebishwa kidogo." Tenda ya gesi iliyounganishwa kwa kubahatisha inaweza kuvuja karibu na moto. Mkikiona hicho, msikiwashe kabla fundi anayejua mvuke hajakikagua bomba kwa bomba.

Nimeripoti akaunti zote mbili. Moja imefungwa. Jana usiku nimeona Mikado, "seti kamili, tenda yake ya asili," imepigwa picha kutokea mbele, juu ya kitambaa cha kijani.